Kumfukuza mwanamke penye taa: amri za mahali na dada zetu wa Masisi na Walikale



Miaka kadhaa iliyopita niliweka sahihi yangu kwenye barua. Ilikuwa katika kituo kimoja cha biashara, kwenye barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale. Wazazi walikuja kulalamika kwamba kila jioni wamama na wasichana wanasimama mbele ya nyumba za kulala wageni, karibu na soko, hatua chache kutoka uwanja wa kanisa, wakingoja wachimbaji na madereva. Komite ya usalama ikaandika barua kwa wakubwa: wanawake hao wasionekane tena kati ya soko na kanisa kuanzia saa kumi na mbili ya jioni. Shefu alitia sahihi, mkubwa wa shule alitia sahihi, nami nikatia sahihi pamoja na muhuri wa parokia. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi.

Miezi miwili haikuisha. Mama mmoja, ambaye zamani aliimba katika koro yetu, alikuja mlangoni kwangu asubuhi mapema, mkono wake umefungwa kitambaa. Hakuomba pesa. Aliniambia: "Pasta, pale sokoni kulikuwa taa. Mtu akitupiga tulilia, na watu walisikia. Sasa tunasimama kule chini kwenye njia ya kareri. Kule tukilia, nani atasikia?" Kisha akauliza kama barua niliyoandika inaweza kuandikwa tena kwa namna nyingine.

Siku ile sikuwa na jibu. Nimeandika makala haya kwa sababu neno hili la "usionekane hapa" limeongezeka kwetu, na mara nyingi sisi watu wa Kanisa ndio tunaoliomba.

Sheria inasema nini

Wengi wetu tunafikiri kwamba mwanamke anayeuza mwili anakamatwa kwa sababu sheria inakataza kazi ile. Sivyo ilivyo. Kanuni ya makosa ya jinai ya Kongo haimwadhibu mtu mzima kwa sababu tu ameuza mwili wake. Inamwadhibu yule anayeishi kwa faida ya mwili wa mwingine, yule anayelazimisha, na kwa ukali zaidi yule anayewaingiza watoto. Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, juu ya jeuri za kingono, ilikuja kutia nguvu hapo.

Basi mwanamke huyu anakamatwa kwa njia za pembeni. Ataambiwa amechafua adabu mbele ya watu. Ataambiwa anazurura, na uzururaji uliwekewa amri tarehe 23 Mei 1896, wakati nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Au hataambiwa kitu: atatoa amande bila risiti, na ataachwa asubuhi.

Kuhusu mahali, sheria yetu ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni hukumu. Kifungu cha 5 cha kanuni ya makosa ya jinai kinahesabu adhabu ambazo hakimu anaweza kutoa, na kati yao, pamoja na kifungo na amande, kuna mbili za mahali: kulazimishwa kukaa mbali na mahali fulani au eneo fulani, na kulazimishwa kuishi mahali palipotajwa. Mlango wa pili ni uhuru wa muda, ambao watu wa parke wanauita "liberté provisoire". Kifungu cha 32 cha kanuni ya mwendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, kinaruhusu kumwambia mshitakiwa asiende mbali na mji bila ruhusa, au asiende mahali fulani kama vile stesheni na bandari, au asionekane pale kwa saa fulani. Akivunja sharti, anaweza kurudishwa gerezani.

Amri za namna hii si mbaya zenyewe. Mtu aliyempiga jirani yake anaweza kuambiwa asifike kwa jirani huyo mpaka kesi iishe, na hiyo ni hekima. Lakini tazama mambo ambayo sheria inadai: kuwe na kosa linalojulikana, kuwe na hakimu aliyesikiliza, kuwe na maandiko, na kuwe na mlango wa kukata rufaa. Barua yetu ya komite haikuwa na hata moja kati ya hayo. Hakuna mwanamke aliyeitwa kusema neno lake. Tuliwapa adhabu ya hakimu bila hakimu.

Nani anatoa amri kwetu?

Masisi ina kilomita za mraba zaidi ya 4,700. Walikale inapita 23,000, nayo ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Mwanamke wa Pinga au wa Mubi ambaye anataka kumwona hakimu anahesabu siku za kutembea, pesa za pikipiki na bariere za njiani. Kwa hiyo tangu zamani, amri ya mahali kwetu haikutoka sana kwa hakimu. Ilitoka kwa polisi, kwa shefu, kwa mkubwa wa kareri, kwa komanda wa bariere.

Vita vimeongeza jambo hilo. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, na wakuu wa kijeshi walipewa uwezo wa kukataza watu kutembea mahali na saa watakazopanga, hata kumkataza mtu kukaa katika jimbo. Kisha M23 ikatwaa Rubaya mwisho wa Aprili 2024, Masisi-Centre na Goma katika Januari 2025, na Walikale-Centre katika Machi 2025, kabla ya kuondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili. Mahakama za Serikali zilifungwa Goma. Kila upande una bariere zake, na kila bariere ina sheria yake juu ya nani apite na saa gani.

Tunakumbuka pia Februari 2025, wakati waliohamishwa na vita, wengi wao watu wa Masisi, waliambiwa waondoke kambi za kando ya Goma kama Bulengo katika saa 72. Haikuwa hukumu ya mahakama yoyote. Watu wakafunga magodoro, wakabeba watoto, wakarudi kwenye vijiji ambavyo vingine havikuwa tena na nyumba. Yule mwanamke aliyekuwa akiuza mwili wake kambini ili watoto wale, naye alifukuzwa pamoja na wengine. Hakuna aliyemwuliza atalala wapi.

Kwa nini wanasimama pale

Mtu anayesema "ni dhambi tu" hasemi uongo, lakini hajasema yote. Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya tantalumu ya dunia, ile inayoingia katika simu tunazoshika. Walikale ina kasiterite ya Bisie na dhahabu. Mahali pa madini, pesa iko katika mkono wa mwanaume aliyetoka shimoni jioni. Mjane aliyekimbia shamba lake hana hisa katika shimo. Anaweza kuuza bukari, anaweza kubeba mifuko, anaweza kutwanga mawe. Mtaji ukiisha au mtoto akiugua, anabaki na mwili wake.

Wako pia waliofika hapo kwa njia ya jeuri. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye barabara ya Kibua mpaka Mpofi, watu wenye silaha waliingia vijiji 13, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa, si chini. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi moja kati ya yale yaliyoshambulia, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi ya Goma katika Novemba 2020. Hukumu ilikuja baada ya miaka kumi. Kwa miaka hiyo yote mwanamke aliyekataliwa na mume wake baada ya kubakwa alipaswa kula kila siku. Katika mwaka wa 2023, Madaktari Wasio na Mipaka walitunza zaidi ya watu 25,000 walioshambuliwa kingono katika Kongo, wengi wao katika kambi za kando ya Goma. Wanawake walishambuliwa wakitafuta kuni na chakula. Mmoja akihesabu kwamba anachukuliwa kwa nguvu porini bila kitu, na kambini anaweza angalau kupewa franka za unga, hesabu hiyo ni ya uchungu, lakini ni hesabu.

Amri inapofika, nini kinatokea

Nimewasikiliza wamama hawa baada ya barua yetu, na baadaye mahali pengine. Mambo manne yanarudi kila mara.

Kwanza, biashara haifi, inahama. Inatoka penye taa inaenda gizani, inatoka penye majirani inaenda njia ya kareri au kando ya bariere. Mwanaume mwenye nia mbaya anapendelea mahali hapo.

Pili, bei inaanguka na sauti inapotea. Pale sokoni mwanamke aliweza kukataa mlevi, au kudai kondomu, kwa sababu wenzake walikuwa karibu. Kule chini hana wakati wa kuangalia uso wa mtu. Anaingia haraka ili asionekane.

Tatu, anakuwa mbali na dawa. Aliyebakwa anapaswa kupata dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kabla saa 72 hazijapita. Kama kituo cha afya kiko ndani ya eneo alilokatazwa, atasubiri, na kusubiri ndiko kunakoua. Tena hawezi kushitaki, kwa maana swali la kwanza litakuwa: "Ulikuwa unafanya nini pale?"

Nne, amri inageuka kuwa mfuko wa mtu. Yule anayelinda mpaka wa mahali palipokatazwa anajua kwamba mwanamke atapita, kwa sababu soko, maji na shule ya mtoto viko upande ule. Basi anapita kwa kulipa, kwa pesa au kwa mwili. Tulitaka kuondoa uchafu barabarani, na tumempa mtu mwingine faida.

Nchi nyingine zimepita njia hii

Si sisi wa kwanza. Katika mji wa Vancouver, nchini Kanada, wakaaji wa mtaa wa West End walichoka na wanawake waliosimama barabarani. Katika Julai 1984 mahakama ya juu ya jimbo ilitoa amri ya kuwakataza kufanya kazi yao upande wa magharibi wa barabara ya Granville. Baadhi yao waliingia katika kanisa kuu la Kianglikana la mji wakakaa humo siku kadhaa kupinga amri hiyo. Haikubadilika. Wakasukumwa hatua kwa hatua kuelekea mashariki, kwenye viwanda na giza. Katika miaka iliyofuata wanawake wengi wa upande huo walipotea. Mwaka wa 2007 mtu mmoja alihukumiwa kwa kuwaua sita kati yao.

Sisemi kwamba hakimu ndiye aliyewaua. Nasema kwamba muuaji alipata watu mahali ambapo hakuna anayeangalia, na kuna waliowasaidia kufika huko. Mwaka wa 2016 mji ule uliweka taa ya ukumbusho kwa ajili ya wanawake waliofukuzwa. Iko kando ya kanisa la St. Paul's, katika mtaa uleule waliofukuzwa. Ilichukua miaka 32.

Karibu na kwetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020: sheria za uzururaji zinazomkamata mtu kwa sababu ya hali yake, si kwa sababu ya kosa alilotenda, hazipatani na Mkataba wa Afrika wala na Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake. Kongo imeridhia yote miwili. Katika Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta sehemu za kifungu cha 168 zilizoruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumwita mzururaji. Na Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea. Haikuandika "isipokuwa mwanamke wa usiku".

Tusisahau tulikotoka

Kanisa la Kongo linapaswa kuwa la mwisho kushangilia amri za mahali. Wabelgiji walizitumia sana. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka wa 1921, akapelekwa Elisabethville, mbali kabisa na Nkamba, akafa kifungoni mwaka wa 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu na familia zao mpaka pembe za mbali za koloni. Wakubwa walifikiri kwamba kumtoa mtu mahali pake ni kumaliza neno lake. Neno likaenea kila mahali walipotupwa. Na katika miji kama Stanleyville na Usumbura, mwanamke aliyehesabiwa kuwa anaishi peke yake, awe mjane au mwuza samaki, alitozwa kodi ya pekee. Babu zetu walijua maana ya kuambiwa na ofisi: wewe, usikae hapa.

Maandiko nayo yanatusumbua. Katika Mwanzo 38, Tamari anakaa kando ya njia ya kwenda Timna, uso umefunikwa. Yuda anamwendea. Miezi mitatu baadaye Yuda huyohuyo anasikia kwamba mkwe wake ana mimba, na anatoa amri atolewe nje achomwe moto. Hakuuliza habari za mwanaume. Ni mhuri wake mwenyewe, kamba yake na fimbo yake ambavyo vilimhukumu, na alikuwa na moyo wa kukiri kwamba mwanamke yule alikuwa na haki kuliko yeye. Niliposoma sura hiyo baada ya ule ugeni wa asubuhi, nilifikiri juu ya muhuri wa parokia. Na nilifikiri juu ya wanaume wetu, wale wanaotoa zaka Jumapili na wanaojulikana kwa jina katika nyumba zile za kulala wageni. Barua yetu haikuwataja.

Tena katika Hesabu 35 Mungu mwenyewe anaweka amri ya mahali. Ni miji sita ya makimbilio. Mtu aliyeua bila kukusudia alipaswa kukaa ndani ya mpaka wa mji, na mpaka huo ulimlinda na mlipiza kisasi mpaka asimame mbele ya mkutano kuhukumiwa. Hapo ndipo ninapopata kipimo. Mpaka unaotoka kwa Mungu unamwingiza mtu palipo na ulinzi. Mpaka wetu ulimtoa palipo na ulinzi.

"Lakini Mchungaji, na watoto wetu?"

Nasikia swali hilo, na wazazi waliokuja kwangu hawakuwa wabaya. Mtoto asipite kila jioni katikati ya walevi na biashara ya mwili. Kanisa haliwezi kubariki kuuza mwili, na mimi sitaubariki. Lakini kukataa jambo ni kitu kimoja, na kumtupa mtu ni kitu kingine. Kama shida ni ulevi na ugomvi, mwenye baa anaweza kuambiwa afunge mapema, na anayepiga anaweza kukamatwa kwa kupiga. Kama katika kundi lile kuna msichana wa miaka 14 au 16, hapo hatuzungumzi tena juu ya mahali pa kusimama. Huyo ni mtoto, analindwa na sheria ya 2006 na ile ya ulinzi wa mtoto ya 2009, na anayestahili kutafutwa ni mwanaume aliyelipa. Kumfukuza msichana huyo aende kusimama mbele kidogo ni kumficha mwenye kosa.

Tufanye nini

Nawaomba wachungaji, wazee, mashemasi na mashirika ya wamama mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili.

Tusitie muhuri kwenye barua yoyote ya kumfukuza mtu mahali kabla hatujamketisha na kumsikiliza. Tukiulizwa katika mkutano wa usalama, tuulize maswali manne: kosa ni lipi, nani amesikiliza, amri itaisha lini, na mtu huyu ataenda wapi.

Mwanamke akikamatwa, wamama wawili waende pamoja kwa polisi na kuomba kuona karatasi. Katiba, katika kifungu cha 18, inasema kukaa kwa polisi kusipite saa 48. Akiachiwa kwa masharti, tusome naye masharti hayo. Kama yanamzuia kufika kituo cha afya, maji au shule ya mtoto, tumsaidie kuomba yabadilishwe. Mahali ambapo hakuna hakimu tena, hata komanda anasitasita kidogo mbele ya wamama wawili wazee waliokaa mlangoni bila kuondoka.

Tujue kituo cha afya kilicho na dawa za saa 72, na muuguzi ambaye hatamtukana. Tufungue vikundi vyetu vya kuweka na kukopa kwa wamama hawa bila kudai kwanza ushuhuda wa kuacha. Mtu haachi kamba kabla hajashika nyingine. Na tuhubiri kwa wanaume, kwa majina ya dhambi zao, kwa nguvu ileile tuliyotumia kwa wanawake.

Mimi nilirudi kwenye komite. Nilisema mbele ya wote kwamba nimekosa, na niliomba jina la parokia liondolewe kwenye barua. Wengine walinung'unika. Mzee mmoja aliniuliza kama sasa mimi ndiye mchungaji wa malaya. Nilimjibu kwamba nilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, kwa maana wanakaa ndani ya parokia yangu.

Barua haikufutwa. Shefu alikubali jambo moja dogo: kwamba taa ya uwanja wa kanisa ibaki inawaka usiku kucha, na kwamba mtu anayekimbilia pale asifukuzwe na mlinzi. Tukanunua betri kwa sadaka. Baadaye vita vilifika, watu wakatawanyika, na sijui yule mama wa koro amelala wapi leo. Namtaja katika maombi kila jioni saa kumi na mbili, saa ile tuliyoiandika kwenye barua.

Bwana awalinde wote wasio na mahali, na atusamehe sisi tuliowanyang'anya padogo walipokuwa napo.